Nusu Yako, Nusu Yangu

Wasee, zile dawa za presha za shosho ziko na historia tamu kuliko kiki zetu zote.

Mwaka wa 1898 huko Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman walidunga sungura maji ya figo, presha ikapanda. Kilichofanya hivyo wakakiita renini. Kufikia 1940, kundi la Buenos Aires na lingine la Indianapolis, kila moja kivyake, likagundua renini huzalisha kitu kingine kwa damu, na hicho ndicho hubana mishipa. Waargentina wakakiita hipatensini, Wamarekani angiotonini. Majina mawili, kitu kimoja, miaka 18!

Mwaka wa 1958, Eduardo Braun-Menéndez na Irvine Page wakakata maneno: nusu yako, nusu yangu. Angiotensini.

Leo tunajua hutengenezwa hata ndani ya nyama ya moyo, si kwa damu pekee. Enalapril na losartan zote zinapigana nayo.

Mimi niliacha kampasi, lakini hapa nina msimamo: sifa ukigawa haipungui. Sisi tunavunja kundi juu ya jina la nani litangulie kwa video. Wao waligawana neno, kazi ikasonga.