Jua Kuwa Kipimo cha Nyota za Mbali

Jua ni nyota iliyo karibu nasi kuliko zote. Nyota nyingine, isipokuwa chache, huonekana kama nukta hata katika darubini kubwa. Kwa sababu hiyo elimu ya milipuko ya nyota ilianzia katika Jua, nayo yafaa kuelezwa tangu mwanzo wake.

Tarehe 1 Septemba 1859, kabla ya adhuhuri, Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya Jua huko Redhill, Uingereza. Ghafula aliona vipande viwili vya mwanga mweupe mkali juu ya kundi la madoa, navyo vikatoweka baada ya dakika tano hivi. Richard Hodgson, akiwa mahali pengine, aliona jambo lilo hilo. Muda wa saa 17 hivi baadaye tufani ya sumaku iliikumba dunia, na mitambo ya telegrafu ikavurugika. Hata hivyo Carrington hakuthubutu kusema kwamba jambo la kwanza ndilo lililoleta la pili. Tukio moja halikumtosha.

Februari 1942 rada za jeshi la Uingereza zilijaa kelele. James Hey alionyesha kuwa hazikutoka kwa adui, bali katika Jua. Kisha, mwaka 1948, nyota ndogo nyekundu iitwayo UV Ceti ilionekana ikizidi mwanga kwa ghafula na kufifia upesi, kama ifanyavyo milipuko ya Jua. Ikiwa Jua hutoa mawimbi ya redio lilipukapo, yapasa nyota nazo zitoe. Kwa hoja hiyo Bernard Lovell wa Jodrell Bank alianza kuzichungua mwaka 1958, na mawimbi yakapatikana.

Lakini kipimo hiki kina mpaka wake. Msomi wa lugha hufasiri maandishi ya kale kwa msaada wa lugha iliyo hai, wala hadai kuwa sarufi zao ni moja. Mwaka 2012 Hiroyuki Maehara na wenzake, kwa darubini ya angani Kepler, walitangaza milipuko mikuu 365 katika nyota 148 za jinsi ya Jua, yenye nguvu kupita yote iliyopimwa katika Jua. Nyota zizungukazo upesi hulipuka mara nyingi zaidi, na Jua huzunguka polepole. Ila baadhi ya nyota hizo nazo ni za polepole. Basi sasa nyota ndizo zinazotuuliza habari za Jua letu, na jibu lawahusu wote wategemeao umeme na satelaiti.