Kitoweo cha Jirani

Baadhi yetu sisi watu wa Pwani tukitajiwa mlenda hukunja uso. Husema: "Hicho ni chakula cha bara, chateleza kama makamasi." Maneno haya si mazuri. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) hakukitia ila chakula hata mara moja, akikipenda hukila, na asipokipenda hukiacha. Basi leo tutazame kidogo tarikhi ya vitoweo vya Pwani na vya Ugogo, tuone vilivyokutana katika majiko ya wake zetu, na tuone kama tunayo haki ya kumcheka mwenzetu.

Kwanza tukiri kuwa Pwani ni watu wa vitoweo tangu zamani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli katika sinia ya mti, na juu yake nyama, kuku, samaki na mboga. Kando yake waliweka ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mwenyeji wa leo wa Lamu au Unguja akiyasoma hayo ataijua sinia hiyo kama aliyeiandaa mwenyewe.

Lakini si vyote tulivyonavyo ni vyetu tangu asili. Mahindi, muhogo, karanga na pilipili hoho asili yao ni bara la Amerika, na havikujulikana huku kabla ya Wareno kuanza kusafiri katika bahari zetu. Maadam sisi wenyewe tumepokea kwa wageni, haitupasi kuona ajabu mtu wa bara akiwa na chake.

Sasa tupande bara. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha ikaingia Ugogo. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857. Huko msafara ulitoa hongo ya nguo na shanga kwa watemi, ukanunua nafaka, maziwa na asali. Mpagazi wa Pwani hakuikuta nazi huko, kwani mnazi hauoti katika uwanda ule mkavu ulio juu sana kupita bahari. Alikuta ugali wa uwele na wa mtama, na kando yake mlenda.

Na mlenda ni nini? Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu, takriban tangu Desemba mpaka Aprili. Baada ya hapo nchi hukauka miezi mingi, na majani mabichi huadimika. Kwa hiyo mvua inaponyesha, wanawake wa Kigogo huchuma majani ya mwituni na ya shambani, huyaanika juani, huyatwanga yakawa unga, kisha huyaweka akiba. Siku ya kupika huchemsha maji, hutia magadi kidogo na unga ule, na mwenye karanga huziponda akazitia humo. Mama wa Pwani naye, maembe yakijaa, hukata, huyatia chumvi, huyaanika na kuyafanya achari ya kuliwa msimu ukishapita. Hekima ni moja: kuweka neema ya leo kwa ajili ya dhiki ya kesho.

Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kandokando yake. Wakaja wafanyabiashara, mafundi na makarani, na baadhi yao walikuja na wake zao kutoka Pwani. Nazi sasa ziliweza kuletwa kwa gari moshi, lakini kwa bei, na siku nyingine hazikuwapo. Hapo mwanamke hana budi kubisha hodi kwa jirani. Hata lugha ina mtego wake: huku Pwani mboga ni majani, na kinacholiwa pamoja na wali au ugali ni kitoweo, lakini bara mtu akiuliza, "Leo mboga nini?" aweza kujibiwa, "Nyama." Wakishacheka kwa hilo, huyu humwonyesha mwenzake jinsi karanga zilizopondwa zinavyoshika mahali pa tui, na yule hufundishwa kutia ndimu na bizari katika mchuzi. Ubuyu nao, ambao watoto wetu huununua ukiwa na sukari na rangi, ni tunda la mbuyu ule ule uliojaa Ugogo.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo madogo ya jikoni. Katika vita vikuu vya kwanza, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo. Mvua zikakosekana, na njaa kubwa ikaanguka baina ya mwaka 1917 na 1920, ambayo Wagogo wenyewe waliiita Mtunya. Walikufa maelfu kwa maelfu. Ng'ombe wamechukuliwa na ghala ni tupu, watu walirudi porini kutafuta mizizi na majani, na ujuzi wa kina mama wa kujua jani lipi laliwa na lipi lina madhara ukawa ndio uhai wa nyumba. Ujuzi huo ndio tunaoucheka tunapocheka mlenda.

Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016 serikali imehamia huko kwa wingi. Jamaa zetu wengi wa Pwani sasa wanaishi huko. Ewe dada uliyehamia, usijifungie na nazi zako ukalalamika kuwa mji hauna chakula. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake, awakumbuke majirani. Hakusema jirani wa kabila lako wala wa mji wako. Basi peleka bakuli la mchuzi wa nazi nyumba ya pili, na bakuli likirudi na mlenda lipokee kwa mikono miwili, uonje, uulize ulivyopikwa, na watoto wako wakusikie ukishukuru.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuthamini neema zake, za kwetu na za wenzetu. Amin.