Muziki wa Kupanga

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba hushika fedha za maana mara moja kwa mwaka. Minada hufunguliwa Oktoba, malipo yakienda vizuri huja Novemba au Desemba, na baada ya hapo ni kungoja mikorosho itoe maua tena. Katika majuma hayo machache ndipo hununuliwa bati, baiskeli, kanga na sare za shule. Zamani ndipo iliponunuliwa santuri pia. Siku hizi kampuni za muziki wa mtandaoni zinamtaka mkulima huyohuyo alipie nyimbo kila mwezi, kiangazi na masika, na mwezi atakaokosa kulipa, nyimbo alizokwishazihifadhi katika simu yake zinafungiwa asizisikie.

Kabla hatujaambiwa kwamba hayo ndiyo maendeleo, hebu tutazame tulikotoka.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka huku kusini. Aliyeuza vizuri aliweza kurudi kijijini na gramafoni ya betri na santuri mbili tatu. Lakini santuri hizo hazikutengenezwa nchini. Nyimbo za bendi zetu zilikwenda kugeuzwa sahani Nairobi, kisha zikarudi kuuzwa kwetu. Mbaraka Mwinshehe, fahari ya Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari huko huko Kenya Januari 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983, na santuri zikaadimika kama sabuni. Na hata zilipofika Dar es Salaam, Mtwara bado ilikuwa mbali. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivuka Rufiji kwa kivuko, na masika barabara ilipokatika ilibidi kungojea meli. Kwa hiyo santuri iliyofika Mikindani au Msimbati ilikuwa imesafiri kweli kweli, nayo ilitunzwa kama hati ya shamba. Iliazimwa kwa harusi na kurudishwa. Baba alipofariki, watoto waliirithi.

Asiyekuwa na santuri alikuwa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyozaliwa 1965, ndiyo iliyorekodi bendi nyingi za nchi hii. Wimbo wa redio ulikuwa wa bure, lakini haukuwa wako. Ulipigwa saa aliyopenda mtangazaji, ukaisha. Ndipo ilipoingia redio kaseti, na watu wakaanza kukaa kitako na kanda tupu, kidole juu ya kitufe, wakiunasa wimbo hewani. (Watangazaji wa wakati ule walikuwa na tabia mbaya ya kuanza kusema kabla gitaa halijamaliza, hata ukapata wimbo mtamu wenye mkia wa matangazo ya vifo.) Kanda ilirudishwa nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Iliazimwa, ikavushwa Ruvuma kwa mtumbwi, na haikuomba ruhusa ya mtu.

Nisije nikaonekana kusifu wizi. Mwanamuziki hakupata hata senti moja kwa kanda hizo, wala kwa zile zilizonakiliwa kwa mamia na kuuzwa sokoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa 1999, ikazaa COSOTA, wakati wapigaji wengi wa zamani wamekwisha zeeka au kufa wakiwa maskini. Deni hilo ni letu sisi wasikilizaji.

Kampuni za mtandaoni husema zimekuja kulilipa. Boomplay ilitangulia, na Spotify ilifungua milango Tanzania mwaka 2021. Kijana wa Mtwara mwenye sauti nzuri anaweza leo kusikika Muscat bila kumpigia mtu magoti, na hilo ni jema. Lakini tazama hesabu yao. Kwa kawaida fedha za wasikilizaji humwagwa katika chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa kufuata nani amesikilizwa mara nyingi zaidi. Mkulima wa Newala anayesikiliza Morogoro Jazz peke yake hudhani amewalipa Morogoro Jazz. Kumbe sehemu kubwa ya shilingi zake imewafuata wale wanaosikilizwa na mamilioni, ambao yeye hajapata hata kuwasikia.

Tena kuna suala la kuhifadhi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba nchi nzima. Mwenye kanda kuukuu aliendelea kusikiliza. Wimbo wa kupanga huondoka pia pale mkataba wa mwenye haki na kampuni unapokwisha, na mpangaji hapewi hata notisi.

Ubaya wa kuweka muziki wote mikononi mwa mlinzi mmoja tunaujua tangu zamani. Kanda halisi za RTD zilibaki Dar es Salaam, katika jengo la Barabara ya Pugu ambayo leo ni ya Nyerere. Mwaka 2012 kikundi cha Watanzania na wageni kilianza kuchangisha fedha ili zihamishiwe katika kompyuta kabla hazijaoza. Nyimbo nyingine za zamani zinazozunguka leo zina mkwaruzo wa kanda na sauti ya mtangazaji, maana zilitoka masandukuni mwa watu.

Basi ninalopendekeza ni hili. Katika masoko ya miji yetu vipo vibanda ambavyo vimekuwa vikijaza nyimbo katika memori kadi kwa shilingi chache, navyo hutajwa tu pale polisi wanapovifukuza. Vipewe leseni. Kila wimbo unaojazwa uandikwe, na wanaokusanya mirabaha wachukue fungu la mwimbaji palepale kibandani. TBC nayo, iliyorithi kanda za RTD, iruhusu nyimbo zake ziuzwe kwa njia hiyo, ili mkulima akitoka mnadani Novemba anunue Morogoro Jazz mara moja, alipe kihalali, aende nazo nyumbani hadi msimu ujao.