Mimea nayo ina majirani: somo kutoka bonde la Kangemi

Wahenga walisema chagua jirani kabla ya nyumba. Nasaha hii twaifuata tukitafuta nyumba ya kupanga, lakini tukishika jembe twaisahau. Twapanda popote palipo nafasi, kisha mmea ukidhoofika twalaumu mbegu, mvua au jicho la watu.

Nililikumbuka hilo nikiwa Kangemi, magharibi mwa Nairobi. Huko juu, kando ya barabara ya Waiyaki, nyumba zimebanana. Lakini ukiteremka bondeni bado utaona vipande vya shamba: mahindi, maharagwe, sukuma wiki, nyasi za ng'ombe, na pembeni mikaratusi. Kwa familia inayonunua kila kitu kingine, kipande hicho ndicho kitoweo cha jioni. Kujua mmea upi ukae na upi si jambo dogo kwao.

Wanaosaidiana

Ng'oa mharagwe uutazame mzizi wake. Utaona vinundu vidogo. Humo mwaishi bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Hewa yetu ni naitrojeni kwa kiasi cha asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuitumia ilivyo. Yanafaidika zaidi pale mizizi na majani ya maharagwe yanapooza ardhini. Ndiyo maana anayeng'oa maharagwe mazimamazima, akayapura nyumbani na kuchoma mabua, huondoa shambani sehemu kubwa ya mbolea yake.

Pwani tunao mfano wetu. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu. Mvinje ulistawi, kwa kuwa nao una bakteria mizizini wanaoulisha naitrojeni. Majani yake makavu yalikawia kuoza, hadi walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Baada ya hapo miti mingine ikapata pa kushika. Leo pale ni Haller Park.

Wanaogombana

Mkaratusi asili yake ni Australia. Una faida zake: hukua haraka, hutoa nguzo na kuni. Lakini hunywa maji mengi, na majani yake yanayoanguka yana mafuta yanayozuia mbegu nyingine kuota vizuri. Ukipanda mboga chini yake, mboga zitanyimwa maji, mwanga na nafasi ya kuota. Mwaka wa 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ikatwe.

Adui mwingine ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo. Wakazi wengi wa Kangemi wana asili ya Magharibi ya Kenya, na huko wanalijua vyema. Mbegu zake hulala ardhini miaka mingi, zikisubiri harufu ya mzizi wa mhindi. Zikiipata, huota, hujishikiza mzizini na kunyonya.

Dawa yake ilipatikana kwa mmea mwingine. Watafiti wa kituo cha icipe, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, wakiongozwa na Zeyaur Khan, waligundua miaka ya 1990 kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huichochea mbegu ya kiduha iote, kisha huizuia isishike mzizi wa mhindi. Kiduha hufa kwa njaa. Pembezoni mwa shamba hupandwa nyasi za nepia. Nondo wa viwavi vitoboavyo mabua huvutiwa kutaga mayai huko, na viwavi wengi hufa humo humo.

Kabla ya kupanda

Utazame kwanza mti mkubwa ulio karibu, na kivuli chake chaangukia wapi. Changanya nafaka na kunde, mbaazi au maharagwe. Wakati wa kuvuna kata shina, uache mzizi ardhini, na mabua uyarudishe shambani. Mkaratusi uwe mbali na mto na mbali na mboga.

Mmea ukishapandwa hauwezi kuhama jirani mbaya. Wewe mwenye jembe ndiwe unayemchagulia.