Kisukari cha mimba: Kipimo cha mkojo pekee hakitoshi

Mama mjamzito anayeishi Kaloleni, mtaa wa Mashariki mwa Nairobi uliojengwa katika miaka ya 1940, hana safari ndefu ya kufika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka wa 1926. Hata hivyo, upo ugonjwa unaoweza kutogunduliwa hata kwa mama anayehudhuria kliniki bila kukosa. Ugonjwa huo ni kisukari cha mimba.

Chanzo chake ni homoni za kondo la nyuma, ambazo hudhoofisha utendaji wa insulini. Kongosho la mama likishindwa kutoa insulini zaidi, sukari huongezeka katika damu na kumfikia mtoto. Aghalabu mama hahisi dalili yoyote.

Walio katika hatari zaidi ni wanawake wenye uzani mkubwa, wenye jamaa wa karibu anayeugua kisukari, na waliowahi kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo nne. Mtoto mnono husifiwa, na mjamzito huhimizwa ale chakula cha watu wawili. Lakini mtoto mkubwa kupita kiasi huweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, na sukari yake kushuka ghafla baadaye. Mama naye huwa katika hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu.

Kupima mkojo pekee hakutoshi, kwani sukari huweza kukosekana humo ilhali mama ni mgonjwa. Kipimo cha kutegemewa hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Mama hupimwa damu kabla ya kula asubuhi, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na saa mbili. Kulingana na vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka wa 2013, kiwango cha milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili huthibitisha ugonjwa.

Wengi hudhibiti hali hii kwa lishe na mazoezi. Si lazima ugali uachwe. Upunguzwe, nusu ya sahani iwe sukuma wiki au mboga nyingine, na robo iwe maharagwe, ndengu, omena au mayai. Soda, mandazi na chai yenye sukari viepukwe. Kutembea kwa dakika 30 kila siku husaidia. Sukari isiposhuka, daktari huagiza insulini au metformini.

Baada ya kujifungua, sukari kwa kawaida hurejea hali yake. Hata hivyo, mama anapaswa kupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 12, na angalau kila miaka mitatu, kwani hatari ya kuugua kisukari cha kudumu humwandama maishani.