Mng'aro wa Bati katika Sanamu za Eropleni

Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii huonya watu wasidanganywe na sura ya nje ya mambo. Hata hivyo, iko kazi moja ya mikono ambayo fahari yake yote ni kuufanya mkakasi usijulikane kuwa ni mti. Kazi hiyo ni kutengeneza sanamu ndogo za eropleni, na kuzipaka rangi hata plastiki ionekane kama bati la alumini lililosuguliwa. Wengi huihesabu kuwa ni mchezo wa watoto. Lakini fundi anayeifanya kwa uaminifu hukutana na swali lile lile linalomkabili mwanahistoria: je, aonyeshe kitu kama kilivyokuwa, au kama watu wanavyopenda kukikumbuka? Swali hilo halijibiki ila kwa kujua kwanza mng'aro wenyewe ulitoka wapi.

Eropleni za mwanzo hazikuwa na bati la kung'arishwa. Mifupa yake ilikuwa miti, na ngozi yake kitambaa cha kitani au cha pamba kilichopakwa dawa ya kukikaza. Adui mkubwa wa kitambaa hicho alikuwa jua, kwa kuwa mwanga wake ulikiozesha upesi. Mafundi wakagundua kwamba unga wa alumini ukitiwa katika dawa ile huzuia mwanga usipenye. Kwa hiyo rangi ya fedha iliingia katika urukaji kabla ya miili ya alumini kuenea, nayo iliingia kama kinga, si kama pambo. Eropleni ya Charles Lindbergh, iliyovuka bahari kutoka New York hata Paris mwaka 1927, ilikuwa na mabawa ya kitambaa cha pamba kilichopakwa rangi ya fedha. Puani tu ndipo palipokuwa na bati hasa. Fundi wa leo akiipa sanamu yake mng'aro wa kioo kutoka pua hata mkia, ameitukuza eropleni ile kwa utukufu ambao haikuwa nao.

Bati lenyewe lina historia yake. Alumini safi ni nyepesi, lakini ni laini mno kuweza kubeba mizigo ya urukaji. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aliona jambo la ajabu: alumini iliyochanganywa na shaba na magnesi kidogo, ikichomwa moto na kupozwa ghafula, huendelea kuwa ngumu yenyewe kwa siku kadhaa baadaye. Madini hayo yakaitwa duralumini. Yalikuwa na nguvu, lakini yalikuwa na ugonjwa pia. Hewa ya unyevu, na hasa chumvi ya bahari, iliyala kwa ndani, na bati lililoonekana zima likawa dhaifu pasipo kujulikana. Dawa ilipatikana Marekani mwaka 1927, kampuni ya Alcoa ilipotoa bati lililoitwa Alclad: duralumini katikati, na utando mwembamba wa alumini safi kila upande. Katika mabati membamba, utando mmoja huwa karibu asilimia 5 ya unene wote. Alumini safi haina nguvu, lakini haishindwi upesi na kutu. Tena, palipo na mkwaruzo, hukubali kuliwa yenyewe kwanza ili lile la ndani lisalimike.

Jambo hili lafaa kutafakariwa. Mng'aro uliowavutia watu katika viwanja vya ndege haukuwa sura ya madini yaliyobeba eropleni. Ulikuwa sura ya ngozi dhaifu iliyowekwa juu ya kiwiliwili chenye nguvu. Eropleni halisi nayo, basi, ilikuwa mkakasi wa namna yake.

Baada ya hapo mashirika ya ndege yakaona faida ya kuacha bati wazi. Rangi ina uzito, na kila ratili ya rangi ni ratili iliyopungua katika abiria, mizigo au mafuta. Eropleni ya DC-3, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935, ilijulikana kote kwa mwili wake mweupe wa alumini, na shirika la American Airlines likashika desturi ya kung'arisha bati kwa miongo mingi. Vita vilipokuja, uzuri huo ukafichwa. Eropleni zikapakwa rangi za majani, udongo na mawingu ili adui asizione. Sanamu nazo zikabadilika kazi. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze sanamu 500,000 za eropleni kwa kipimo cha 1 kwa 72, ili wanajeshi wajifunze kutofautisha rafiki na adui. Sanamu hizo zilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa sababu eropleni iliyo mbali angani huonekana kama kivuli, na kilichotakiwa ni umbo tu.

Kisha mwishoni mwa mwaka 1943 majeshi ya anga ya Marekani yakaamua kwamba eropleni nyingi zitoke viwandani bila rangi. Uzito ulipungua, muda wa kazi ukapungua, na mwendo ukaongezeka kidogo. Juu ya hayo, uwezo wa adui wa kushambulia viwanja vya ndege ulikuwa umefifia, na haja ya kujificha haikuwa kubwa kama zamani. Tangu mwaka 1944 makundi ya B-17 na P-51 yakaonekana juu ya Ulaya yakimeta kwa alumini tupu. Picha za miezi hiyo ndizo zilizowatia hamu watengenezaji wengi wa sanamu.

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. P-51 ilisifiwa kwa bawa lake, ambalo liliundwa ili hewa ipite juu yake kwa ulaini kadiri iwezekanavyo. Kichwa cha ribiti au ufa wa maungio ungeweza kuuvuruga mkondo huo. Kwa sababu hiyo kiwandani maungio na ribiti za sehemu ya mbele ya bawa zilizibwa kwa puti, zikapigwa msasa, na bawa likapuliziwa rangi ya fedha. Mwili wa eropleni ulikuwa bati tupu; mabawa yalikuwa yamepakwa rangi. Anayezitazama picha za zamani kwa makini huona tofauti hiyo: mwili unarudisha mwanga kama maji, na mabawa yamefifia kama majivu. Hata hivyo, sanamu nyingi za P-51 zimeng'arishwa sawasawa pande zote, mistari ya mabati na ribiti zikionekana wazi juu ya mabawa. Ni nzuri kwa macho, lakini zinashuhudia jambo lisilokuwapo.

Sanamu za plastiki zilienea sana baada ya vita. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa eropleni yake ya kwanza, Spitfire, mwaka 1953. Rangi ya fedha iliyouzwa kwa mikebe midogo haikuridhisha, maana chembe za alumini ndani yake zilikuwa kubwa. P-51 yenye mabawa ya mita 11.28 hupungua kuwa sentimita 15.7 kwa kipimo cha 1 kwa 72, lakini chembe za rangi hazipungui pamoja nayo. Matokeo yake, sanamu ilionekana kama lango lililopakwa rangi. Mafundi wengine wakakimbilia karatasi ya alumini ya jikoni, wakaibandika kipande kwa kipande kwa gundi na kuisugua kwa kijiti. Njia hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa madini huigizwa kwa madini. Lakini karatasi hukunjamana kwenye mapindo na haimsamehe mwenye pupa.

Baadaye zikatokea rangi zenye chembe laini mno, na mojawapo ikaitwa Alclad II kwa kukumbuka lile bati la mwaka 1927. Rangi hizi zimekaribisha sanamu na bati kuliko zote zilizotangulia, lakini zimeuhamisha ugumu kutoka juu na kuupeleka chini. Utando wake ni mwembamba kiasi kwamba hauwezi kuficha aibu yoyote. Kwanza plastiki huoshwa kwa sabuni kuondoa mafuta ya vidole. Maungio huzibwa, kisha hupigwa msasa mkavu, ukafuatwa na msasa laini wa maji, hata mkwaruzo usionekane tena kwa jicho. Baada ya hapo, kwa mng'aro mkali, hupuliziwa rangi nyeusi inayong'aa, nayo huachwa ikauke kabisa. Weusi huo una sababu. Mwanga unaopenya utando wa alumini humezwa na weusi ulio chini, na kinachorudi machoni ni kile tu kilichogonga chembe na kurudi moja kwa moja. Chini kukiwa na rangi nyeupe, mwanga hutawanyika na sanamu huonekana kama iliyomwagiwa maziwa. Mwisho hupulizwa rangi ya madini yenyewe, kwa mgandamizo mdogo wa hewa, takriban paundi 12 hadi 15 kwa inchi mraba, utando juu ya utando. Haba na haba hujaza kibaba. Anayemwaga yote kwa mkupuo mmoja hupata rangi ya kijivu isiyo na uhai.

Wala kazi haiishii hapo. Mabati ya eropleni halisi hayakufanana yote. Kila bati lilikuwa na mwelekeo wake lilivyopita katika mashine, na yale yaliyokaribia mabomba ya moshi yalibadilika rangi kwa joto. Fundi hufunika sehemu na kuacha nyingine, akipulizia hapa kivuli na pale weupe. Hapa ndipo mkono unapohitaji elimu, kwa sababu chombo kinaweza kutoa mng'aro wa kioo popote, lakini hakiwezi kumwambia fundi ni wapi ulikuwapo na ni wapi haukuwapo.

Wengi hutafuta jibu katika majumba ya makumbusho, na huko pia panahitaji hadhari. Eropleni ya vita ililala nje, ikanyeshewa mvua, ikakanyagwa na mafundi na kumwagikiwa mafuta, na alumini yake ikafifia. Eropleni ya maonyesho husuguliwa mwaka baada ya mwaka. Kwa kuwa utando wa alumini safi ni mwembamba, kusugua kupita kiasi huumaliza, na kinga ya bati huondolewa na mkono ule ule unaotaka kulihifadhi.

Tena kuna mng'aro ulio mzito kuliko madini. B-29 iitwayo Enola Gay, iliyoangusha bomu la atomu juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ilianza kutengenezwa upya na taasisi ya Smithsonian mwaka 1984. Mwaka 1994 palizuka mabishano makali Marekani juu ya maneno gani yaandikwe kando yake, na mwaka 1995 maonyesho yaliyokusudiwa yakavunjwa. Ikaonyeshwa sehemu ya mwili wake tu, na maelezo machache. Tangu Desemba 2003 inasimama nzima huko Virginia, alumini yake ikimeta. Sanamu yake kwa kipimo cha 1 kwa 72 hufikia karibu sentimita 60 kutoka ncha hata ncha ya bawa, na fundi aweza kuing'arisha mpaka aone uso wake ndani yake. Hakuna ubaya katika ustadi huo. Ubaya uko katika kudhani kwamba kilichosuguliwa kimesafishwa.

Mwaka 2013 jambo hili lilizunguka na kurudi lilikoanzia. American Airlines ilikuwa ikingoja eropleni za Boeing 787, ambazo sehemu kubwa ya mwili wake si madini, wala haiwezi kusuguliwa ikang'aa. Shirika likaiacha desturi yake ya kale, likachagua rangi ya kijivu yenye chembe zinazometameta ili ifanane na alumini. Yaani eropleni halisi, yenye abiria ndani, ikaanza kufanya lile lililokuwa likifanywa na sanamu mezani: kupakwa rangi ili ionekane kuwa bati. Mkakasi umekuwa mkubwa, na kipande cha mti kimekuwa kitu kingine. Lakini anayeutazama bado ana wajibu ule ule wa kuuliza kilichomo ndani.