Hiyo Bia ya Kaharabu Mnayoposti, Kagera Siri Yake Walikuwa Nayo Zamani

Kila wikiendi ukifungua simu lazima ukutane na picha ileile: staa fulani, meza ya mbao, na glasi ndefu ya bia yenye rangi ya kaharabu, ile iliyo katikati ya asali na chai ya rangi. Imepikwa kiwanda kidogo, inasifiwa kwa ladha ya kimea, na bei yake usiulize. Leo tunapiga stori ya hiyo glasi ilikotoka, na tutafika mpaka Kagera, kule Nyarubungo, Biharamulo na Ngara.

Tuanze na kimea chenyewe. Ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa. Bibi akitengeneza togwa hutumia kimea, mara nyingi cha ulezi. Nafaka ikichipua, wanga wake unakuwa tayari kugeuka sukari, na sukari hiyo ndiyo hamira inaigeuza kilevi. Ukikausha kimea kwa moto mdogo, bia inatoka ya njano mpauko. Ukiongeza moto kidogo, kimea kinashika rangi na kunukia kama mkate wa moto. Kaharabu inazaliwa hapo.

Kwa wenzetu Ulaya, lager ya rangi hii ilipata jina kupitia Anton Dreher, mpika bia wa Vienna. Mwaka 1833 yeye na rafiki yake Gabriel Sedlmayr wa Munich walizunguka viwanda vya Uingereza kujifunza. Inasimuliwa kwamba walibeba bakora zenye uwazi ndani, wakawa wanachota sampuli kimyakimya. Wizi wa kisomi huo! Mwaka 1841 Dreher akatoa lager yake, akiunganisha ukaushaji wa kimea wa Waingereza na uchachushaji wa kwenye baridi.

Sasa njoo Kagera. Huku mwenye nyumba ni mgomba, na msaidizi wake ni mtama. Ndizi zinafukiwa shimoni au kuwekwa juu ya jiko ziive, zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na nyasi kwenye mtumbwi wa mbao, halafu juisi inachujwa. Siri inakuja hapo: mtama unakaangwa, unasagwa, unamwagwa humo, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba. Baada ya siku moja au mbili, kitu tayari. Bukoba wanaiita lubisi. Ng'ambo ya mpaka wa Ngara, Rwanda, wanaiita urwagwa.

Tusidanganyane, lubisi si lager. Haina hopsi, haikai baridini kwa wiki kadhaa, na ikipitiliza siku chache inakuwa siki. Lakini ule ujuzi wa kuipitisha nafaka kwenye moto ili kinywaji kipate rangi na harufu, wazee walikuwa nao bila bakora ya kuibia. Na haikuwa ya kulewea tu. Mahari ilijadiliwa kibuyu kikiwa katikati, mukama alipelekewa fungu lake, na wahenga walimwagiwa lao.

Ilikuwaje basi kitu chenye heshima hivyo kikashuka? Jibu liko kwenye enzi za mkoloni. Mwaka 1922 kina Hurst walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mwaka uliofuata George Hurst akauawa na tembo, na Tusker ikapewa jina kwa kumbukumbu hiyo. Dar es Salaam ikapata Tanganyika Breweries mwaka 1933. Ila bia ya chupa ilikusudiwa mzungu. Mwafrika wa Tanganyika aliwekewa vizuizi vya kisheria, vilivyokuja kuondolewa taratibu hadi miaka ya 1950. Huku nako, mijini kupika na kuuza pombe yake mwenyewe kulitaka kibali. Vinywaji vikagawanywa kama watu: cha chupa cha mstaarabu, cha kibuyu cha "mwenyeji".

Uhuru ulipokuja, chupa ikawa ishara kwamba nawe umefika. Safari Lager ilipoingia sokoni mwaka 1977, kibuyu kilishabaki kilabuni. Mpaka leo tunasema "pombe ya kienyeji" huku tumekunja pua, wakati kuna watu wamesomeshwa mpaka chuo kwa pesa za pombe hiyohiyo.

Na ndiyo maana hii stori inauma kidogo. Sifa tunazoilipia bia ya kiwanda kidogo, yaani kupikwa kwa mikono, kiasi kidogo, na viungo vya shambani, ndizo zilezile tulizoifanya lubisi ionewe aibu. Arusha angalau walithubutu: Banana Investments wanaiweka ndizi kwenye chupa, ile Raha mnayoijua. Kwa nini asitokee kijana wa Ngara au Biharamulo akafanya yake, kwa usafi, kwa leseni, lebo ikiwa na jina la kijijini kwao?

Hatusemi mtu aache glasi yake. Kama umetimiza miaka 18 na huendeshi, kunywa taratibu, usikie huo mkate na karameli ya kimea. Ila siku ukienda kijijini, mzee akikukaribisha kibuyu, usikunje pua. Muulize mtama ameukaanga kwa muda gani.

Haya, kwenu hiyo kitu inaitwaje, na nani bado anajua kuipika?